Mstari wa Arobaini na Moja

Kilichonichoma hakikuwa jina lake juu ya makala, kilikuwa tarehe. Chini ya kichwa, kwa herufi ndogo ambazo wasomaji wengi huziruka, jarida lilikuwa limeandika: imepokelewa tarehe tatu mwezi wa pili. Nikafungua jalada la uthibitisho wangu, nikatafuta ukurasa wa kumi na nne, mstari wa arobaini na moja. Pembeni mwake palikuwa na alama ya vema ya wino wa kijani, na chini ya vema, kwa mwandiko wake wa haraka, tarehe kumi na mbili mwezi wa pili. Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Alikuwa amelijua kosa la mstari huo kwa siku zisizopungua tisa, na bado akaniwekea vema.

Ngoja nieleze, maana ukisikia mtu mzima ameumizwa na alama ya vema utadhani nimechanganyikiwa. Mimi nafundisha hisabati chuoni. Kwa miaka saba nimeshughulika na milinganyo ya kiduaradufu isiyo ya mstari, jina linalomfanya mume wangu, fundi wa mafriji, apige miayo kabla sijalimaliza. Milinganyo hii inaeleza vitu vilivyokwisha kutulia: joto katika bamba la chuma, utando uliovutwa kwenye fremu. Mara nyingi suluhisho lenyewe huwezi kuliandika hata ufanyeje. Unachoweza, ukibahatika, ni kuthibitisha kwamba suluhisho hilo ni laini, halina mkunjo wala mpasuko, na kwamba mteremko wake hautazidi namba fulani unayoijua kabla ya kuliona. Hayo ndiyo makadirio ya ulaini, na ndiyo maisha yangu.

"Kwa hiyo," mume wangu aliniuliza siku moja, ameinama nyuma ya friji la jirani, "miaka saba unathibitisha kwamba kitu usichokiona hakina kona?"

"Ndiyo."

"Na wamekuajiri kwa hilo?"

"Kwa mkataba."

Mkataba ulikuwa unaisha mwisho wa mwaka. Kamati ya ajira ya kudumu ilitaka kwangu kitu kimoja tu: nadharia yangu ya ulaini, ikiwa na uthibitisho kamili. Nikiikosa, nafungasha vitabu.

Mwenye makala ni mwalimu mwenzangu. Wanafunzi humwita Epsiloni, herufi tunayoipa namba ndogo kupita kiasi, kwa sababu ya kimo chake kifupi na kwa sababu kila mhadhara huuanza kwa kusema, "Chukueni epsiloni ndogo mpendavyo." Mimi nilimwita kaka. Tulifundishwa na mwalimu mmoja, yeye akinitangulia miaka kadhaa. Baba yangu alipofariki, alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, akitembea kwa ncha za vidole ili bega lake liwafikie wenzake.

Tulikuwa na desturi yetu wawili. Aliyeandika uthibitisho haukagui mwenyewe, kwa sababu macho yake huona alichokusudia badala ya alichoandika. Mwenzake ndiye anayepita mstari kwa mstari, na kila mstari uliosimama unapata vema na tarehe. Mstari usio na vema haukujengewa chochote. Kwa miaka kumi na sita hatukuwahi kuivunja.

Sasa lile kosa. Katika kazi yetu, namba ambayo thamani yake haisumbui tunaiita C. Mstari unaofuata inaongezeka mara mbili, wa tatu inazidishwa na kitu kingine, nasi tunaendelea kuiita C ileile. Ni uvivu ulioruhusiwa, wenye sharti moja: C isitegemee suluhisho lenyewe tunalolitafuta. Ikilitegemea, ni sawa na kumuuliza mtu ukuta una urefu gani, naye akujibu kwamba una urefu wa ukuta. Katika mstari wa arobaini na moja, C yangu ilikuwa imeumeza mteremko uleule niliotaka kuukadiria. Na kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba nilihisi. Nilimwambia, "Kaka, hii C hainipi amani."

Akauangalia mstari kwa muda mrefu, akaweka vema. "Imekaa vizuri. Endelea."

Nikaendelea miezi minne. Nilijenga kurasa thelathini juu ya mstari ule.

Makala yake ilianza na mfano mzuri, sitamnyima haki yake. Ulikuwa mfululizo wa masuluhisho, kila moja laini, lakini kila moja lenye mteremko mkali kuliko lililotangulia, bila kikomo. Mfano huo uliuua mstari wangu papo hapo. Kisha alitoa nadharia yangu upya, ikiwa imeongezewa sharti moja la kuiokoa.

Asubuhi ileile nikaenda ofisini kwake. Alikuwa anafuta ubao.

"Mdogo wangu, karibu kiti."

"Sikai."

Nikaweka karatasi mbili mezani, ya jarida na yangu, tarehe kando ya tarehe. Akazitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati.

"Nilitaka kukuambia."

"Lini?"

"Makala ikishatoka."

"Imetoka. Nimeambiwa na jarida."

Akakaa yeye. "Nina miaka hamsini na mbili. Kumi na moja ya mwisho sijaandika kitu cha maana. Hujawahi kulisema, kwa adabu yako, lakini unalijua. Halafu mfano ule ukanijia nikiwa kwenye foleni ya benki. Wangu. Sikuuchukua kwa mtu."

"Mfano ni wako. Sikuulizi mfano, nakuuliza vema."

Akavaa tena miwani. Nje, mtunza bustani alikuwa anaburuta mpira wa maji kwenye changarawe.

"Ningeuacha mstari bila vema, ungejua pana tundu," alisema hatimaye. "Na ungeliziba ndani ya wiki. Nakujua."

Alilisema kwa upole, kama mtu anayemsifia binti yake mbele ya wageni. Hakuna mtu aliyewahi kunisifu hivyo. Nilitamani kumtemea mate, na aibu yangu ni kwamba nilitamani pia aseme tena. Nikaokota karatasi zangu nikatoka.

Nyumbani mume wangu alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida.

"Kamshtaki."

"Kwa kosa gani? Kuniwekea vema?"

"Kwetu sisi mafundi, ukimwambia mwenzako gesi haivuji na unajua inavuja, hakuna tena atakayekushikisha spana."

"Kwetu atapewa cheo," nikasema.

Nikachukua likizo, nikafunika meza ya jikoni kwa karatasi. Siku mbili za kwanza nilikuwa nagombana naye kichwani tu, sifanyi hisabati. Siku ya tatu nikaacha kutazama mstari na kuanza kutazama tatizo. Nikaligawa bamba katika viduara vidogo, na ndani ya kila kiduara nikalinganisha suluhisho langu na suluhisho la mlinganyo rahisi zaidi. Nikazipa namba zangu majina, kila moja jina lake, hakuna C ya wote. Siku ya sita, saa tano asubuhi, namba ya mwisho ikatoka safi. Haikutegemea suluhisho hata chembe. Na sharti lake lile sikulihitaji.

Kurasa tisa. Kamati ilikuwa inakaa Jumatatu. Nikasimama, nikazunguka meza, nikacheka peke yangu. Mkono ukachukua simu na kubonyeza namba ambayo umeibonyeza kwa miaka kumi na sita kila mara hesabu ilipokubali, na nilipokumbuka, alikuwa ameshapokea.

"Mdogo wangu?"

 Alisikia ninavyohema.

"Umeliziba," alisema. Kisha sauti ikampanda, kama enzi zile ubaoni, furaha tupu isiyo na hila: "Na sharti langu? Umeliondoa? Niambie, umepitia wapi?"

Nikajiketisha sakafuni, simu sikioni, nikalia. Naye upande wa pili, taratibu, aliendelea kuniuliza nimepitia wapi.