Siku Aliposhtakiwa Bwana Pini

Mchukuzi wetu wa mizigo tulimwita Kwama, maana mkokoteni wake ulikwama kila kona. Siku mwanagenzi mmoja aliposema Kwama amemminya kiuno wakati anashusha majora ya kitambaa, hakuna aliyeuliza swali. Mama yangu mzazi, fundi wa kola, alivua kiatu akamtandika nacho mbele ya karakana nzima. "Lisemwalo lipo!" alipiga kelele. Kabla ya chai Kwama alikuwa ameshafukuzwa, na mafundi wakapiga vigelegele. Alistahili, sikatai. Mkono ulikuwa wake.

Sasa sikilizeni ya Bwana Pini.

Bwana Pini ndiye msimamizi. Kwetu nguo ya mfano haivalishwi sanamu. Anavalishwa fundi mmojawapo, msimamizi anaibana kwa pini palepale mwilini, ndipo tunakata nyingine zote kwa kipimo hicho. Chumba cha kupimia kina pazia. Pini zake anazishika kwa midomo, kwa hiyo hata umwambie vipi, hajibu. Mdogo wangu, anayeshona matundu ya vifungo, ndiye aliyechaguliwa kuvaa gauni la mfano safari hii. Ghafla akatoka nyuma ya pazia, gauni limefungwa nusu, akasema kila mtu akisikia: "Bwana Pini amenishika matiti. Na si mara ya kwanza. Nimechoka!"

Eti hapo watu wote wakawa mahakimu. Una shahidi? Gauni lenyewe la kubana, ulitaka alipimeje? Mbona hukusema jana? Baba wa watu ana mke na watoto, unataka kumharibia jina? Yule mwanagenzi aliyeminywa na Kwama, yeye mwenyewe, akabetua midomo: "Ulimi hauna mfupa." Nilitamani kumpiga pasi ya moto.

Nikamgeukia mama. Alikuwa anatazama viatu vyake, na vyote viwili vilikuwa miguuni.

"Mama, leo huvui?"

"Nyamaza wewe! Huyu ndiye anayetugawia kazi. Mwambie mdogo wako amwombe radhi, yaishe."

Bosi, mwenye karakana, akatoka ofisini pamoja na mkewe, aliyekuja kushonewa gauni la harusi ya nduguye. Bosi alisikiliza kidogo tu, akamwambia mdogo wangu achague: ama aseme mbele ya wote kwamba amemsingizia mtu, ama akusanye vitu vyake aende.

"Kupima ni kazi," alisema. "Fundi hapimi kwa macho."

Damu ikanichemka. "Sawa, bosi. Kazi ni kazi. Mkeo huyu hapa naye anataka gauni. Basi Bwana Pini ampime sasa hivi, nyuma ya pazia, vilevile anavyotupima sisi."

Bwana Pini akarudi nyuma. Mke wa bosi akajikinga kifua kwa mkoba. Bosi akafoka, "Koma! Mke wangu ndiye wa kushikwashikwa vile?"

"Vile vipi, bosi?"

Hapo ndipo bosi alipojisikia alichokisema. Mkewe alimtazama Bwana Pini, akamtazama mdogo wangu, kisha akatoka nje bila kuaga. Nikadhani tumeshinda. Mjinga mimi!

"Nyinyi wawili, nje," bosi alisema. "Wengine, kazini."

Bwana Pini akapangusa pini zake kwa kitambaa, kama mtu aliyemaliza kula.

Mdogo wangu akaenda kubadilisha nguo, akarudi na lile gauni akalitupa juu ya meza ya kukatia. Hakulia. Niliyelia ni mimi, na kilio changu kilikuwa cha hasira tupu. Nikachukua mkasi wangu, nikamshika mkono, tukaelekea mlangoni taratibu. Nilifanya makusudi kwenda taratibu. Nilikuwa nangoja mwanamke mmoja tu ainuke, hata yule mwenye midomo ya kubetua ningemsamehe.

Cherehani moja ikaanza kunguruma nyuma yetu. Moja tu, zingine zote zikiwa bado kimya.

Nikageuka nimwone huyo mwenye moyo wa jiwe. Alikuwa mama, ameinama juu ya kola.