Abiria wa Ratiba

Mume wangu ni dereva wa basi la masafa marefu, na kazini wanamwita Ratiba, maana basi lake halijui kuchelewa. Mimi nafua mashuka hospitalini. Miaka yote ya ndoa yetu amekuwa akipita milimani na kurudi kunisimulia theluji iliyolala kando ya barabara, jinsi ilivyo laini, jinsi inavyolia chini ya kiatu. Mwaka huu nikamwambia wazi: likizo hii unanipeleka, nataka kuishika kwa mkono wangu.

Tukaazima gari la shemeji. Ratiba akashika usukani, mama mkwe akakaa mbele kwa sababu ya magoti yake, mimi na binti yetu tukabanana nyuma na mablanketi, chupa za chai, na mto ambao mama mkwe hasafiri bila huo. Hifadhi tatu za milima zilikuwa njiani. Usiku wa kuamkia safari sikupata usingizi, mtu mzima mimi, kama mtoto aliyenunuliwa viatu vipya.

Hifadhi ya kwanza tuliikatiza tu. Maporomoko ya maji yakapita upande wangu, marefu, meupe, nikasema simama, Ratiba akasema mbele kuna mazuri zaidi. Binti akaona swala juu ya jabali, swala akabaki nyuma kabla hatujakubaliana kama ana pembe au hana. Lakini hata kwa mwendo ule roho ilinidunda. Kila kona ilifungua bonde jingine, hewa ikapoa, masikio yakaziba, mama mkwe akaanza kuimba. Tulikuwa tunacheka bila sababu.

Hifadhi ya pili, mambo yale yale. Kwenye kituo cha mafuta alituruhusu kwenda msalani, na tuliporudi akatuhesabu. Nikamuuliza anakimbizana na nani. Akasema tukizubaa tutachelewa kufika. Nikamuuliza kufika wapi, akawasha gari. Mama mkwe akanigeukia akanisihi nivumilie, mvumilivu hula mbivu. Nikamjibu kwa heshima zote kwamba, mama, zangu zimeiva, zimeoza, sasa zinachipua miche.

Hifadhi ya tatu ndiyo ya mwisho, na ndiyo yenye theluji. Barabara inapanda mpaka katikati ya vilele viwili, kisha inateremka upande wa pili, kwenda nyumbani. Nilijua tukishapita pale, basi tena. Yeye atarudi kwenye basi lake na mimi kwenye mashuka yangu, na theluji nitaendelea kusimuliwa.

Binti ndiye aliyeiona kwanza, imelala pembeni mwa lami, karibu kabisa. Nikasema simama. Ratiba akasema hapa ni kwenye kona, mbele kidogo. Mbele kidogo nikasema tena. Akabadili gia, mwendo ule ule. Nikaona barabara inaanza kuteremka, damu ikanichemka. Sijui nani alinituma. Nikatoa mkono dirishani, nikaligonga bati la mlango kwa ngumi kama abiria aliyepitishwa kituo chake.

"Shusha hapo!"

Mguu wake ukakanyaga breki kabla kichwa hakijapata habari. Gari likaingia pembeni taratibu, na mkono wake ukaanza kupapasa swichi ya kufungulia mlango, ambayo gari la shemeji halina. Mama mkwe alicheka mpaka miwani ikamvuka.

Mimi nilikuwa nimeshakimbia. Theluji ilikuwa ngumu juu, laini chini, ikaniuma vidole. Niliikumbatia mpaka sweta likalowa. Binti akanitupia donge la theluji shingoni, nikapiga yowe, nikalia, nikacheka. Nilifurahi, sina namna nyingine ya kusema.

Nilipogeuka, Ratiba alikuwa bado ameshika usukani, injini inanguruma. Nikarudi na maneno yangu makali, niliyoyapanga njia nzima, nikainama dirishani.

"Mume wangu, zima gari ushuke."

Hakunitazama. Macho yalikuwa kwenye kioo cha mbele.

"Sijawahi kushuka hapa," akasema. "Hapa si kituo. Hata siku moja sijashuka."

Hasira ikaniishia palepale. Ule ulaini, ule mlio chini ya kiatu, vyote alikuwa ameviokota kwa abiria, akaniletea nyumbani kama vyake. Nikapitisha mkono, nikazima gari mwenyewe. Nikamfungulia mlango, nikamshika mkono.

Alitanguliza mguu mmoja. Theluji ikalia. Akausikiliza mlio, akashusha mguu wa pili, kisha akainama, akachota, akaonja, akasema haina ladha. Binti akamlenga kwa donge kifuani. Akamtazama kidogo, akavua koti, akaanza kumkimbiza.

Jua lilipoelekea kuzama, mama mkwe akatupigia honi kwamba tunachelewa. Dereva wangu hata hakugeuka.