Matairi Yasiyo na Sauti

"Hili limekwisha," alisema Mama Pacha. Alikuwa amechutama kando ya gari, kidole gumba kikipita taratibu kwenye meno ya tairi la mbele. "Tena limelika zaidi upande wa ndani. Kama kola ya shati la mtu anayejikuna shingo."

Mwenye duka la matairi alicheka. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, mwenye viganja vilivyokolea weusi wa mpira. Madereva walimwita Bi Upepo kwa sababu aliweza kulitazama gari kutoka ng'ambo ya barabara na kukuambia tairi lipi limepungua upepo.

"Shoga yangu, ungekuja tufanye kazi wote hapa," alisema. "Wenye macho yao huniapia kwamba matairi yao bado yanafaa."

Baba Pacha alisimama nyuma yao, kofia mkononi, akiyatazama mawingu yaliyokuwa yakijikusanya juu ya mapaa.

Macho ya mkewe yalikuwa yameondoka miaka miwili iliyopita, polepole, kama taa inayopunguzwa utambi. Kwanza uzi ulikataa kuingia kwenye tundu la sindano. Kisha sindano yenyewe ikapotea. Mwisho cherehani ikafunikwa shuka, na yeye, aliyewashonea nusu ya mtaa nguo za harusi, akakaa kitini mikono ikiwa mapajani, vidole vikikunja na kukunjua pindo la gauni. Wale pacha wao walikuwa watu wazima, kila mmoja kwake, mbali. Baba Pacha hakuweza kumwacha peke yake nyumbani, akawa anampakia garini kila asubuhi. Kazi yake ilikuwa kusambaza dawa kwa wagonjwa waliolala majumbani, watu wa sukari, wa presha, wa kupooza. Yeye alishuka na mifuko ya dawa. Mkewe alibaki kwenye kiti cha mbele, dirisha likiwa wazi kidogo.

Gari lilikuwa la haibridi, lile linalokwenda kwa petroli na umeme kwa zamu. Alilinunua limeshatumika kwa sababu lilikunywa mafuta kama ndege anavyokunywa maji. Katika mwendo mdogo injini ilinyamaza kabisa, gari likateleza mitaani kama wazo, na kilichobaki kusikika kilikuwa matairi peke yake.

Hapo ndipo Mama Pacha alipojifunza kusoma barabara. Lami mpya ilinong'ona. Lami kuukuu ilikoroma chini kwa chini kama paka aliyeshiba. Matofali yaliyotandazwa mbele ya hospitali yalipiga makofi madogo madogo, na daraja la chuma liliimba noti moja ndefu.

"Tumefika darajani," angesema.

"Umejuaje?" angeuliza mumewe, na uso wa mkewe ungefunguka kama mlango.

Kisha siku moja akasema, "Hapa ni shuleni," nao walikuwa bado kwenye njia ya kiwandani, ukuta mrefu wa kijivu ukipita kushoto. Baba Pacha aliutazama ule uso uliokuwa ukingoja.

"Naam," alisema. "Shuleni."

Uongo mdogo kama kibanzi. Lakini matairi yaliendelea kulika, yakaanza kuvuma namna moja kila mahali, na barabara zote zikawa ndugu. Mkewe alikosea mara mbili kwa wiki, kisha mara mbili kwa siku, na mumewe akaitikia kila mara. Mji aliokuwa nao kichwani ukahama na kuhama. Kuna siku alimwitikia kwamba wako sokoni, saa ileile alipokuwa akiegesha gari mlangoni kwa mgonjwa, na ilibidi azunguke bure ili wafike sokoni kweli. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Ya kwake ilikuwa ikirefuka.

Na wiki iliyopita mvua ilinyesha. Kwenye njia panda alikanyaga breki, gari likaendelea kwenda, kimya, kama mtu anayetembea usingizini. Lilisimama hatua tatu kupita pale lilipotakiwa kusimama.

"Nini?" aliuliza mkewe, ameshika dashibodi.

"Paka. Amekatiza."

Kesho yake alianza kuulizia matairi.

Bi Upepo alitoa matatu, akayasimamisha ukutani. Alianza na lile pana, linalong'aa.

"Hili ni la kupendezesha gari. Litakula mafuta yako na kukupigia makelele juu yake. Nimelileta ili mjue nisichowauzia." Alilisukuma pembeni kwa mguu. "Sasa haya mawili. Hili la kwanza mpira wake ni mgumu kidogo, linabingirika kwa wepesi, mafuta hayaishi haraka. Ndugu ya hayo mliyo nayo. Likiwa jipya litanong'ona, likizeeka litavuma. Tatizo lake ni maji. Kwenye lami iliyolowa huchelewa kusimama."

"Na la pili?" aliuliza Mama Pacha.

"La pili laini zaidi. Mifereji yake inasukuma maji pembeni, linashika barabara kama mjusi ukutani. Mafuta litaongeza, si sana. Na ubavu wake una nguvu, maana gari hili lina betri, ni zito kuliko linavyoonekana."

Mama Pacha alilivuta lile la pili magotini. Vidole vyake viliingia kwenye mifereji, vikazunguka, vikarudi, kama vilivyokuwa vikitafuta mshono uliofichwa. Kwenye ubavu vilikuta tarakimu nne zilizotuna.

"Wiki na mwaka wa kutengenezwa," alisema Bi Upepo. "Halijakaa sana. Tairi hata likilala dukani huzeeka."

"Linasikikaje barabarani?"

"Halisikiki. Wateja wanalipendea hilo. Kama umevaa soksi."

"Tutachukua lile la kwanza," alisema Baba Pacha upesi.

Mkewe aliinua uso. "Kwa nini?"

"Mafuta, Mama Pacha. Kazi yetu ni mafuta."

"Mafuta tu?"

Alizungusha kofia mkononi. Bi Upepo, mwanamke mwenye akili zake, alikumbuka ghafla kwamba ana spana ya kutafuta nyuma ya duka.

"Hutasikia njia," alisema Baba Pacha hatimaye. "Nitakuwa nimekufunika hata hayo macho ya pili."

Mama Pacha aliendelea kulipapasa lile tairi, polepole, kama anayembembeleza mtoto alale.

"Wiki iliyopita," alisema, "mvua ilikuwa inamwagika. Paka gani huyo anayekatiza barabara kwenye mvua ile?"

Mumewe aliivaa kofia, akaivua tena.

"Na siku ile nilipokwambia tumefika shuleni. Wewe ni mtu wa kuendesha polepole, Baba Pacha. Kujibu huchelewi. Siku ile ulichelewa kujibu."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nikaendelea kubahatisha, kwa sababu nilipopatia ulifurahi kuliko mimi. Nikasema, basi, hii ndiyo mboga yangu ninayompikia sasa." Alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo. "Tukawa wajinga wawili ndani ya gari moja."

Baba Pacha alichutama karibu naye. Magoti yalimlia. Kwa muda walikaa hivyo, wazee wawili na tairi katikati yao, harufu ya mpira mpya ikiwa nzito kama ya duka la viatu. Alitaka kuomba radhi, lakini maneno yalikuja mengi kwa pamoja yakabanana mlangoni. Akaweka mkono wake juu ya wa mkewe, ndani ya mfereji.

"Tuchukue yanayosimama," alisema Mama Pacha. "Na nikikosea, uniambie. Mimi si yai."

Bi Upepo alirudi bila spana yoyote. Alipandisha gari kwa jeki, akavua ya zamani, akavika mapya, akapiga balansi yasitetemeke, akanyoosha magurudumu ya mbele yasielekee ndani tena. "Njooni kila baada ya wiki mbili niyapime upepo, asubuhi, kabla hayajapata moto," alisema akifuta mikono. "Upepo ukiwa sawa, na kwa mwendo wako huo wa bibi harusi, mafuta hutayaona yakipungua sana."

Waliondoka mvua ikianza. Gari liliingia barabarani na ukimya ukawafunika, mwororo, mzito, kama wanaelea kwenye pamba. Baba Pacha alisikia pumzi zake mwenyewe. Kwenye taa alikanyaga breki, na gari likatulia palepale, bila neno.

Mkewe aliinamisha kichwa. "Daraja?"

Mumewe alishika usukani kwa mikono miwili. "Hapana," alisema. "Bado."

"Hapana," alirudia mkewe taratibu, kana kwamba anaonja chumvi. Walikwenda kidogo. "Sasa?"

"Hapana. Tuko kiwandani. Ukuta uko kushoto kwako."

Aligeuza uso kushoto, akaugeuzia ukuta. Mumewe aliogopa kumtazama.

Mbele, mtu mwenye fulana ya njano aliwapungia kibendera: barabara inachimbwa, pitieni huku. Baba Pacha alikata kona akaingia kichochoro kirefu chenye majani yaliyoloana, nyumba zimesogeleana pande zote mbili.

"Hapa ni wapi?" aliuliza Mama Pacha.

"Sijui. Sijawahi kupita."

"Kweli?"

"Kweli."

Alijisogeza kitini, akashusha kioo chote. Mvua ikamrushia matone kwenye shavu naye hakuyafuta. "Basi niambie. Unaona nini?"

"Ngazi imeegemezwa ukutani. Ndoo, imejaa. Mtu amesahau nguo kwenye kamba."

"Nguo gani?"

Alipunguza mwendo mpaka gari likasimama lenyewe. "Gauni. La bluu."

"Bluu ipi?"

Baba Pacha alifungua mlango, akaweka mguu mmoja kwenye maji, akainama mbele aitazame ile bluu vizuri.