Mayai Manne ya Mpinzani

Miaka miwili mfululizo nilikuwa bingwa wa kikiboksi wa uzito wa juu, na nilikuwa sijampiga hata nzi. Wanawake wa zaidi ya kilo sabini hawajitokezi. Basi naitwa ulingoni, nainuliwa mkono, navishwa medali, narudi zangu kazini kufua mashuka ya hoteli. Ushindi wa mezani. Wenzangu kazini wananiita Bingwa wa Meza, nami nacheka nao huku roho inaniuma.

Aliyenimaliza ni baba. Yeye ni seremala, karakana yake imejaa misumari, lakini medali zangu amezitia kwenye kopo la skrubu. "Siku ukiitolea jasho, mwanangu, nitaitundika," alisema.

Mwaka huu akatokea mpinzani. Mpiga rangi wa nyumba, mrefu, mabega mapana. Nilimwona kwenye foleni ya mizani nikatamani kumkumbatia. Akapanda. Mwamuzi akasoma: kilo sitini na tisa na gramu mia moja.

"Hujafika sabini," akamwambia. "Mizani inafungwa saa nne. Usipofika, mwenzako anapita."

Ilikuwa saa nne kasoro dakika ishirini, na huyo mwenzake ni mimi. Nikaiona medali ya tatu ikidondoka kwenye lile kopo.

"Thubutu!" nikasema kwa sauti. Nikafungua mkoba, nikatoa chupa mbili za maji na mayai manne ya kuchemsha niliyojiwekea. "Kula, dada."

Kocha wangu akanivuta mkono. "Una wazimu? Unamlisha mtu aje akupige?"

"Niache, kocha! Nimechoka kupigana na hewa."

Mpiga rangi alinitazama, akacheka, akaanza kumenya. Tulikaa benchi moja, nikimhesabia mafunda kama mama anayemnywesha mtoto dawa. Zikiwa zimebaki dakika mbili akapanda tena: sabini na gramu mia mbili. Kigelegele nilipiga mimi mwenyewe.

Ebo! Mchana huo nilikiona. Raundi ya kwanza teke lake liliniingia ubavuni nikakosa pumzi.

"Hayo ndiyo mayai yako!" kocha akafoka.

Hasira zikanipanda, lakini raundi ya pili niliacha kumkimbilia, nikamngoja. Kila alipoinua mguu, ngumi yangu ilikuwa imeshafika. Ya tatu sote tulikuwa hoi. Nikampiga teke la paja, nikarudia, nikarudia tena, akarudi nyuma mpaka kwenye kamba, na ukumbi mzima ukasimama.

Majaji wawili kwa mmoja! Mkono wangu ukainuliwa, na safari hii jasho lilikuwa linachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nililia mbele za watu, wala sioni haya. Mpiga rangi akanikumbatia. "Mwakani mayai naleta mimi," akaninong'oneza.

Niliposhuka nilimkuta baba amesimama chini ya ulingo. Sikujua kama angekuja; miaka yote miwili hakuja. Aliishika medali, akaugeuza utepe wake huku na huku, kisha akatia mkono mfukoni akatoa msumari mpya.

"Nimetoka nao nyumbani asubuhi," akasema.