Chai ya Saa Nne ya Mzee Kaijage

Mwaka wa kuhamia vijijini, ukoo wa Kaijage ulikaa kikao kule Nshamba ukaamua kwamba yeye ndiye aende kijiji kipya cha Kimwani. Kibanja chao kilikuwa kidogo, mdogo wake alikuwa na watoto wengi, na yeye hakujaliwa mtoto. Mkewe, Immakulata, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wakamzika hapo hapo kibanjani, kati ya migomba na mibuni. Kaijage hakubisha. Alifunga godoro, jembe na birika lake, akapanda lori.

Kimwani walilima shamba la kijiji, mahindi. Saa nne, wakati wa mapumziko, wenzake walikaa pamoja wakila viazi na kupiga soga. Yeye alikwenda nyuma ya kichuguu, akawasha moto mdogo, akachemsha chai ya mchaichai na kuinywa polepole, uso ameuelekeza upande wa Nshamba. Hakuna alichokiona huko ila vilima. Lakini kila alipomaliza kikombe, moyo ulikuwa umetulia, akaweza kulima tena.

Maneno yakaanza. Mwishowe mwenyekiti wa kijiji, kijana aliyeitwa Philbert, akamsimamisha mkutanoni.

"Mzee Kaijage, hapa tunaishi kijamaa. Wewe kila siku unajitenga. Tumekukosea nini?"

"Sina neno na mtu, Ndugu Mwenyekiti."

"Basi kunywa chai yako pamoja na wenzako."

Kaijage akavua kofia. "Waitu," akasema kwa heshima ya Kihaya, "saa hiyo ndiyo niliyokuwa nakunywa chai na mke wangu. Tukitoka kupalilia tunakaa tu, hatusemi kitu. Sasa kaburi lake liko kule, mimi niko huku. Nikikaa penye mazungumzo, simpati."

Halafu Benadetha, mjane aliyezoea kulima karibu naye, akasema kutoka nyuma, "Mwacheni mtu anywe chai yake." Philbert akainamisha kichwa, akaingia kwenye jambo jingine.

Kesho yake Kaijage alipoketi na birika lake, shamba zima lilikuwa kimya. Wenzake walinong'ona kama watu walio msibani. Siku zilizofuata ikawa vivyo hivyo. Chai ilikuwa ile ile, lakini haikushuka. Alipokaa kimya na Immakulata hakuwahi kujisikia hivi. Kimya hiki kilimfanya ajione kama yeye ndiye aliyezikwa.

Siku moja akashindwa kuvumilia. Akasimama, akachungulia juu ya kichuguu.

"Jamani, zungumzeni! Mbona mnaninyamazia, na mimi bado niko hai?"

Wakashtuka, wakatazamana. Benadetha ndiye aliyeanza kucheka, na wengine wakafuata.

Kaijage akarudi kuketi. Hakumwalika mtu, wala hakuna aliyemfuata. Kwa mbali akamsikia mmoja wao akisimulia habari za mbuzi aliyetafuna kitenge cha kwendea Misa. Akamimina kikombe cha pili cha chai, akainywa ikiwa bado ya moto, macho yake kwenye vilima.