Taa Haziwaki

Taa ya kwanza niliiona mwezi wa tano, masika yalipokuwa yakielekea kuisha na ukungu wa Meru ukilala juu ya migomba yangu hadi saa mbili za asubuhi. Nilikuwa nikishuka taratibu katika njia itokayo nyumbani kwangu, juu ya kijiji cha Maji ya Chai, nikienda misa. Mbele ya kioo hapakuwa na njia wala miti. Palikuwa na weupe mtupu, nami nilikuwa nikielea ndani yake. Hapo, katika dashibodi, ikachomoza alama nyekundu ya betri, ndogo kama punje ya mtama. Ikafuata ya manjano yenye umbo la injini, kisha ya tatu, duara lenye herufi ambazo sikuzisoma. Zikatulia zikinitazama. Nilipofika barabara ya lami zilikuwa zimekwisha kuondoka, moja baada ya nyingine, kama waumini watokao kanisani kwa ncha za vidole mahubiri yakiendelea.

Tangu siku hiyo zilikuja na kuondoka zilivyotaka. Siku nne zilipotea, ya tano zikarudi zote tatu. Mjini hazikunifuata hata mara moja. Baadaye nikaanza kuziota. Katika ndoto nilikuwa nikiendesha gari lile lile katika weupe ule ule, na taa zilikuwa nyingi zaidi, za kijani na za samawati, zikipanda kwenye usukani hadi kwenye vidole vyangu. Nikiamka ilinibidi nikae kitandani kwa muda, nikizitenga zile nilizoziona na zile nilizoziota. Kuna asubuhi sikuweza kuzitenga.

Hilo ndilo lililonitisha. Wifi yangu Anaeli, katika miaka yake ya mwisho, aliona wageni wameketi juu ya paa la zizi, akawa anawapelekea chai. Alikuwa na akili timamu katika mengine yote. Hesabu za ng'ombe hakukosea.

Mwanangu Ludovick alimkumbuka shangazi yake huyo vizuri kuliko nilivyopenda. Yeye ni mpima ardhi, mtu wa kamba na vigingi. Kisichopimika kwake hakipo.

"Mama, gari hilo nimeliendesha mara tatu. Sijaona taa hata moja."

"Uliliendesha saa ngapi?"

"Mchana."

"Basi huwezi kuona cha asubuhi mchana."

Hakucheka. Alisema nilipeleke kwa fundi wa umeme. Fundi akiona ubovu, atautengeneza, na yeye hatasema neno tena. Asipouona, nitamkabidhi funguo, nitafunga nyumba, nami nitahamia kwake Engutoto, mjini Arusha, ambako binti yake Nice alikuwa amekwisha kuniachia chumba chake kabla sijaulizwa. Nilikubali. Nina miaka sabini na sita, na neno langu sijawahi kulirudisha.

Fundi alikuwa mtaa wa Sokon One, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aitwaye Salha, amevaa ovaroli na kilemba cha maua. Aliniamkia shikamoo, akainama dirishani. Jirani alikuwa akikata chuma, cheche zikiruka, na ilimlazimu apaze sauti.

"Bibi, taa zinawaka?"

Nikaitazama dashibodi. Injini ilikuwa ikinguruma, kioo cha dashibodi kikiwa cheusi na safi kama kisima.

"Haziwaki," nikasema.

Akaandika katika karatasi yake, nami nikaketi kwenye benchi kivulini. Nadhani nilisinzia. Nilizinduka alipokuwa akifuta mikono.

"Gari yako iko safi, bibi."

"Gari lako liko safi."

"Haya, lako, liko," akasema akicheka. "Hata uliseme vipi, halina kitu."

Alhamisi Ludovick alikuja na karatasi ile, aliyokuwa ameichukua kwa Salha. Aliilaza juu ya meza yangu, akainyoosha kwa kiganja kama ramani.

"Globu zote ni nzima. Mashine ya kupima haikuona hitilafu yoyote." Akashusha sauti. "Na hapa juu, Mama. Soma mwenyewe."

Nilivaa miwani. Maelezo ya mteja: taa haziwaki.

"Wewe mwenyewe umemwambia haziwaki," alisema. Aliyasema kwa upole, na upole wake uliniuma kuliko ambavyo ukali ungeniuma. "Jumapili nitakuja na pikapu ya kuazima. Usibebe vitu vizito, nitabeba mimi."

Alipoondoka nilibaki na karatasi. Migomba ilikuwa ikidondosha matone nje, na kila tone lilionekana kuchukua muda mrefu mno kufika chini. Niliisoma sentensi ile kama nilivyozisoma insha za wanafunzi kwa miaka thelathini na minne, nikitafuta kosa la mwandishi. Mwandishi hakuwa na kosa. Kosa nililikuta mahali ambapo sikutazamia.

Asemaye "inawaka" husema juu ya sasa hivi. Asemaye "huwaka" husema juu ya desturi. Ni nyakati mbili za kitenzi kimoja, nami nimewachapa wengi kwa kuzichanganya. Lakini hu- haina ukanushi wake. Ukikanusha, zote mbili hupitia mlango mmoja: haiwaki. Na nyuma ya mlango huo yupo wa tatu amesimama, yule ambaye kila mtu wa mtaani humsikia kwanza: taa iliyoungua, isiyoweza kuwaka kamwe. Salha aliniuliza juu ya desturi kwa maneno ya sasa. Mimi nilimjibu juu ya sasa. Yeye akasikia kwamba taa zangu zimekufa.

Sijui nilikaa hapo kwa muda gani. Najua kwamba chai ilipoa, na kwamba kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikuogopa kulala.

Ijumaa asubuhi nilikuwa Sokon One kabla Salha hajafungua kufuli la sanduku la vifaa.

"Bibi! Shikamoo. Imerudi tena?"

"Marahaba. Siku ile uliniuliza nini?"

"Nilikuuliza taa zinawaka."

"Nikakujibu?"

"Haziwaki."

"Ukaelewaje?"

"Si zimeungua? Mtu akikuambia taa ya gari haiwaki, unaelewa nini kingine?" Akanitazama vizuri. "Subiri. Kumbe zinawaka?"

"Huwaka."

"Ndiyo hiyo hiyo, bibi."

"Siyo hiyo hiyo. Sasa hivi haziwaki. Huwaka alfajiri, kukiwa na ukungu, kabla injini haijapata joto. Nikifika lami huzimika."

Salha aliweka spana chini. "Bibi yangu, Arusha hii nani anasema huwaka? Hicho Kiswahili mimi nakiona kwenye kanga tu."

"Ndiyo maana kanga hazipelekwi kwa fundi mara mbili."

Alicheka hadi akashika ukuta. Kisha kicheko kikamkauka usoni, akakaa kwenye benchi langu.

"Hapo nimeharibu," alisema. "Nilidhani globu. Nikachomoa betri, nikafungua dashibodi, nikakagua moja moja. Ndipo baadaye nikaweka mashine. Na gari za umri huu, ukichomoa betri zinasahau kila kitu. Kama zilikuwa zimeandika ubovu, niliufuta kwa mkono wangu."

"Kwa hiyo mashine ililihoji gari lililokwisha kusahau."

"Ni kama kumuuliza mlevi asubuhi usiku alimtukana nani. Anakuapia hata hakutoka nyumbani." Akasimama. "Leo likifika nyumbani usiliwashe tena. Lilale nje kwenye umande. Kesho alfajiri nakuja mwenyewe."

"Na usipoziona?"

Aliokota spana, akaipangusa. "Nisipoziona nitasema sijaziona, bibi."

Jumamosi alifika kwa bodaboda, amejifunga shuka la Kimasai juu ya sweta, meno yakigongana. Ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Nyumba yangu ilikuwa imebaki mlango na nusu ya dirisha. Mlima, ambao najua ulipo kama ninavyojua ulipo mkono wangu, haukuwapo kabisa. Tuliketi garini, nikawasha, tukaanza kushuka polepole.

Hapakuwa na kitu. Tulipita lango la jirani, tukapita mfereji. Kioo cha dashibodi kilibaki cheusi. Salha alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini, na pumzi yake ilikuwa ikichora duara kwenye kioo. Nilianza kuhisi ile hali ya ndotoni, ambapo mtu husogea bila kufika. Nikawaza chumba cha Nice, pazia lake la waridi. Nikamwaza Anaeli akipanda ngazi na birika mkononi, akiwa na hakika.

Penye mteremko wa miti ya migrevilea gari liliruka juu ya jiwe. Punje nyekundu ikachomoza. Ikaja ya manjano. Likaja duara.

Nilikaza macho njiani. Sikutaka kumwekea maneno mdomoni.

"Nyekundu," Salha alinong'ona. "Betri. Injini. Na hii ni ya breki." Akanigeukia. "Tatu. Naziona, bibi. Ziko tatu."

Nikashika breki.

"Simama, lakini usizime."

Aliinua boneti, akapotea nyuma yake. Nilisikia sauti yake tu. "Tazama hapo! Zimezimika?"

"Zimezimika."

"Na sasa?"

"Zimewaka."

Aliniita nikaone. Palikuwa na waya mnene mweusi, utokao kwenye betri hadi kwenye bodi ya gari, na pale ulipofungwa skrubu ilikuwa imevaa kutu ya kijani iliyofanana na ukungu wa mkate. Aligusa waya kwa kidole kimoja, ukacheza.

"Umeme wote wa gari unarudi kwa njia hii. Asubuhi chuma kimesinyaa kwa baridi, umande umeingia, ukipita kwenye jiwe waya unaachia. Injini ikipata moto, chuma kinatanuka, kinashika tena. Ndiyo maana Sokon gari lilikuwa linafika zima." Alitoa msasa mfukoni, akausimamisha hewani. "Bibi, nikisugua hapa na kukaza, hutaziona tena. Wala mwanao hataziona. Nipige picha kwanza?"

Niliutazama ule msasa. Picha ya taa ni picha ya taa. Ludovick angeuliza ilipigwa lini, katika gari lipi. Angeipima. Nilichukua simu nikampigia. Aliitika kwa sauti ya mtu aliyeamshwa.

"Mama? Kuna nini?"

"Niko mteremkoni na fundi. Taa zinawaka. Ukitaka kuziona, panda gari sasa hivi. Nitamzuia asikaze hadi ufike, kama ukungu utasubiri." Nikamwashiria Salha asubiri. "Lakini kuna jambo jingine. Fundi aliniuliza swali, nami nikajibu vibaya. Karatasi ile haikusema uongo. Kosa lilikuwa langu."

Katika miaka yake hamsini na miwili mwanangu hajawahi kunisikia nikiyasema maneno hayo matatu ya mwisho, na mimi pia sikuwa nimewahi kujisikia nikiyasema. Yaliyeyuka katika ukungu bila kuniumiza.

"Sauti inakutetemeka, Mae," alisema, akiniita kwa Kichaga kama alivyoniita kabla hajaanza shule.

"Ni baridi."

"Mwambie akaze."

"Hutaki kuziona?"

"Umekwisha kuniambia zipo." Nikamsikia akiketi kitandani, chaga zikilia. "Mwambie akaze, mrudi ndani mnywe kitu cha moto. Pikapu nitamrudishia mwenyewe leo."

"Na chumba?"

"Nice atarudi chumbani mwake kabla sijamaliza kumwambia. Amechoka kulala na wadogo zake."

Nilizima injini. Salha alisugua hadi chuma kikang'aa, akakaza kwa nguvu zake zote, akisema bismillahi chini ya pumzi. Nilizunguka nikaingia, nikageuza ufunguo. Taa zote ziliwaka kwa pamoja, kama zinavyopaswa kuwaka gari linapoamka, kisha zikazimika. Niliendelea kukitazama kioo cheusi. Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka kutoka kwenye mashina ya migrevilea, na kwenye njia, mbali kiasi, nilianza kuona mawe.

"Tunarudi juu au tunashuka?" Salha aliuliza, akijipangusa mikono kwenye shuka.

"Tunashuka kwanza. Hapa hakuna pa kugeuzia," nikasema, nikatia gia.