Siku Tatu za Upepo wa Mashariki

Sala kwanza, redio baadaye. Ndivyo Drieka alivyojipangia tangu mumewe alipofariki, maana aliona si adabu Mungu asikie sauti yake baada ya matangazo ya sabuni. Akimaliza kusali hutundika redio kwenye mti wa kibanda, akavuta waya wake hadi juu ya jiwe, akakaa na kikombe cha kahawa kumngojea mwanawe.

Mwanawe Lisbet ndiye aliyekuwa akisoma habari za hali ya hewa kwenye redio ya mjini. Asubuhi ile ya Jumatano, mwanzoni mwa Juni, alisoma hivi:

"Kwa jumla, kipupwe cha mwaka huu huku kwetu jangwani kitakuwa kikavu kuliko kawaida. Lakini mvua ya kwanza inawahi. Pwani upepo wa mashariki unavuma tangu Jumatatu. Mvua itaingia kesho Alhamisi mchana, nayo inakuja na baridi kali. Wenye mbuzi na kondoo, tafadhalini, watoeni kwenye makorongo."

"Umesikia, shemeji?" Drieka aliuliza.

Apolos, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa amechuchumaa kando ya moto akigeuza mkate kwenye majivu. "Nimesikia. Kasema kipupwe kikavu."

"Hapo ulisikia. Na penginepo?"

"Penginepo nilikuwa nageuza mkate."

"Kasema mvua kesho."

Apolos alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Mvua ya Lisbet hiyo!"

Drieka hakucheka. Mwaka uliopita Lisbet alitangaza mvua, watu wa kijijini kwao Kuboes na vijiji vya jirani wakahamisha mifugo kwa haraka, na jua likawaka wiki tatu mfululizo. Tangu siku hiyo mbingu ikiwa nyeupe bila hata wingu, watu husema mvua ya Lisbet hiyo inakuja, jifunikeni. Hata kanisani walisema. Mama mtu alisikia, akafungua kitabu cha nyimbo, akaimba kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Mimi namheshimu mtoto," Apolos alisema, akipangusa mkate kwa kiganja. "Nimembeba mgongoni yule. Lakini upepo wa mashariki una hesabu yake. Unavuma siku tatu kamili, ya nne ndiyo mvua. Baba alihesabu hivyo, na babu. Hapa umeanza jana, Jumanne. Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Mvua ni Ijumaa. Tutahama Ijumaa alfajiri."

"Na kama ni kesho?"

"Na kama si kesho? Tazama kule."

Hakuhitaji kutazama. Zizi lilikuwa chini korongoni, mahali mchanga ni laini na kuta za mawe huzuia baridi, na ndani yake vilikuwamo vitoto ishirini na kimoja, vingine vya jana tu, miguu bado inagongana. Mbuzi mzazi hukariri mahali alipomlaza mwanawe. Ukimhamisha mtoto angali mchanga, mama anarudi palepale pa zamani akilia, na wengine hukataa kunyonyesha huko kwingine. Kwa Apolos, siku moja zaidi ilikuwa na maana ya vitoto vitano au sita kupona. Lakini maji yakishuka kutoka milimani na kuvikuta mle korongoni, hakuna kitakachobaki, na mbuzi hao ndio maisha yao wote wawili.

"Bwana, nionyeshe," Drieka alisema moyoni, kisha akachukua kamba akaenda kutafuta kuni.

Alipanda mpaka mgongoni mwa kilima. Kule chini kambini upepo ulikuwa wa kupepea moto tu, lakini alipotokeza juu ulimpiga kifuani, wa moto kama umetoka mlangoni mwa tanuri, akalazimika kushika kitambaa cha kichwa. Akainama akate kijiti kikavu, na hapo ndipo alipoona. Nyuma ya kila kichaka, upande wa magharibi, upepo ulikuwa umejenga tuta la mchanga, refu, jembamba kwenye ncha. Akaulaza mkono wake kwa urefu wa moja, vidole kwenye ncha. Lilimfika begani. Akajaribu la pili, na la tatu.

Akaziacha kuni palepale.

"Shemeji! Njoo huku juu."

"Kuna nini, nyoka?"

"Njoo tu."

"Goti langu hili, Drieka..."

"Lilete na goti."

Apolos alipanda akinung'unika, akisimama kila hatua kumi kulaumu mawe. Alipofika, Drieka hakumwambia neno la redio. Alimwonyesha kichaka.

"Wewe ndiye mwenye hesabu," alisema. "Nisomee hii. Huu ni upepo wa siku ngapi?"

Apolos alipiga goti lile zima, lile bovu akalinyoosha pembeni. Alipima tuta kwa shubiri, akachimbua kwa kidole.

"Si wa siku moja huu," alisema mwishowe.

"Kambi yetu imejificha nyuma ya kilima, shemeji. Sisi upepo unatufikia ukishakuwa mkubwa. Hesabu yako haina kosa, hata kidogo. Ila umeanza kuhesabu siku ulipobisha kwako, na mgeni alikuwa kijijini tangu jana yake."

"Jumatatu," Apolos alisema. Akahesabu kwa vidole, akafika kidole cha nne, akakishika. "Alhamisi."

"Alhamisi."

Alivuta kofia mpaka kwenye nyusi. "Basi mtoto naye kahesabu kama babu yake."

Drieka aligeuka upande wa pili ajifute macho, akasingizia mchanga.

Alhamisi, jua lilipochomoza, hawakuwaachia mbuzi kwenda malishoni. Drieka alivitia vitoto kwenye magunia, vinne vinne, vichwa vikichungulia nje, akavishusha makusudi mbele ya pua za mama zao wanuse, ndipo akapanda navyo polepole. Mama wakafuata wakilia msururu mzima, Apolos nyuma akiwatukana kwa mapenzi. "Tembea, wewe mke wa mchungaji! Na wewe, mwenye ndevu kama za mjomba wangu, unangoja gari?" Safari tano walikwenda, ya mwisho na vitoto vitano. Kisha wakasimamisha kibanda kule juu penye mawe, fito zikakunjwa, mikeka ya matete ikafungwa. Mbingu ilikuwa safi kabisa. Apolos aliitazama, akamtazama Drieka, akaumeza utani wake.

Saa saba upepo ulikatika ghafla. Kukawa kimya mpaka wakasikia mbuzi wanavyotafuna. Halafu baridi ikaja kutoka magharibi, na nyuma yake ukuta wa wingu jeusi, na kabla hawajamaliza kufunga mkeka wa mwisho mvua ikawa juu yao. Baada ya saa moja hivi walisikia korongo likinguruma. Maji mekundu yalipita mahali zizi lilipokuwa, yakabeba matawi, yakabeba na lango.

Drieka alipiga magoti ndani ya kibanda. Sala yake ilikuwa fupi, maana nje alisikia shemeji yake anagombana na mtu.

Alitoka. Apolos alikuwa amekaa kwenye tope, maji yakimchuruzika ukingoni mwa kofia, amemkumbatia shingoni mbuzi mmoja mzazi wa mara ya kwanza. Mbuzi alirusha mateke, akitaka kurudi korongoni. Kitoto chake kilitetemeka pembeni.

"Anasema si wake," Apolos alisema. "Namwambia, mama, nilikuwepo ulipomzaa, usinidanganye mimi."

"Mwache, utapata homa."

"Nikimwacha ataangukia majini. Nyimbo unazijua wewe. Mwimbie, atulie amkubali."

Drieka alivua shali, akamfunika shemeji yake mabegani, akachuchumaa kwenye tope lilelile. Alikisogeza kitoto mpaka kwenye chuchu, akaikamua kidogo mdomoni mwake, akaanza kuimba wimbo wa Jumapili, taratibu, kwa sauti ya kawaida. Mbuzi alirusha teke moja zaidi, dogo. Akageuza kichwa, akanusa mgongo wa mwanawe uliolowa, akanusa tena, akaanza kuulamba.

"Usinyamaze," Apolos alinong'ona, bila kulegeza mikono.

Hakunyamaza. Alifika ubeti wa tatu kitoto kilipoanza kunyonya na kuchezesha mkia.